Hitilafu za programu: Jinsi ya kuzipanga kwa matoleo

MNAMO Aprili 7, 2014, wasimamizi wa seva kote duniani walipokea habari ya kutisha. OpenSSL, programu inayotumiwa na tovuti nyingi kusimba mawasiliano ya siri, ilikuwa na hitilafu iliyomwezesha mtu aliye mbali kusoma hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva kwa mpigo mmoja, na kurudia tendo hilo mara nyingi apendavyo. Nywila, funguo za siri na ujumbe wa watu vilikuwa hatarini. Hitilafu hiyo ilipewa jina Heartbleed.

Swali la kwanza la kila msimamizi halikuwa ni nani aliyekosea, wala kosa lilitokeaje. Lilikuwa swali fupi: Je, toleo nililo nalo limo?

Tangazo la waundaji wa OpenSSL lilijibu swali hilo kwa mistari michache. Matoleo yaliyoathiriwa yalikuwa 1.0.1 hadi 1.0.1f, pamoja na toleo la majaribio la 1.0.2. Marekebisho yalipatikana katika toleo la 1.0.1g, lililotolewa siku iyo hiyo. Kwa wale wa 1.0.2, marekebisho yaliahidiwa katika toleo la pili la majaribio. Matoleo ya kale zaidi, 1.0.0 na 0.9.8, hayakuwa na hitilafu hiyo hata kidogo, kwa kuwa sehemu ya msimbo iliyokosewa iliingizwa mara ya kwanza katika toleo la 1.0.1, Machi 2012.

Mistari hiyo ilikuwa na uzito mkubwa. Aliyekuwa na toleo kuukuu alikuwa salama, ilhali jirani yake aliyekwenda na wakati alikuwa hatarini. Na lau mwenye toleo la kale angeshikwa na hofu akahamia 1.0.1f, angejiletea maradhi ambayo hakuwa nayo.

Habari za namna hii hazipatikani kwa bahati. Hutokana na kazi isiyosifiwa sana katika taaluma ya programu, yaani kuandika kila hitilafu na kuipangia toleo: ilipatikana katika toleo lipi, imekusudiwa kurekebishwa katika toleo lipi, na hatimaye ilirekebishwa katika toleo lipi. Makala haya yanaeleza kazi hiyo inavyofanywa, na hasara inayompata mtumiaji inapofanywa ovyo.

Hitilafu na toleo

Hitilafu ni kasoro yoyote inayoifanya programu itende kinyume na ilivyokusudiwa: hesabu inayokosewa, ukurasa usiofunguka, jina la mteja linalokatwa herufi za mwisho. Kwa Kiingereza huitwa kwa neno lenye maana ya mdudu. Wahandisi walilitumia neno hilo tangu karne ya 19, lakini kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Septemba 9, 1947. Siku hiyo mafundi wa tarakilishi ya Mark II ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimkuta nondo, yule mdudu afananaye na kipepeo, amenaswa ndani ya mashine. Walimbandika kwa utepe katika daftari la kazi, wakaandika saa na mahali alipopatikana: relei nambari 70, paneli F.

Mafundi hao walitimiza kanuni ya kwanza ya kazi hii. Hitilafu isiyoandikiwa mahali ilipopatikana haina tofauti kubwa na uvumi.

Toleo, kwa upande wake, ni programu iliyofungwa katika hali fulani, ikapewa nambari na kukabidhiwa watumiaji. Lifananishe na chapa ya kitabu. Kosa lililomo katika chapa ya kwanza litabaki katika kila nakala ya chapa hiyo, hata kama mwandishi amekwisha kulisahihisha katika chapa ya pili. Anayeshika nakala ya zamani bado anasoma kosa.

Aghalabu nambari ya toleo huwa na sehemu tatu, mathalani 3.2.1. Kwa desturi ya wengi, sehemu ya kwanza hubadilika panapokuwa na mageuzi makubwa, ya pili panapoongezwa mambo mapya, na ya tatu panaporekebishwa kasoro tu.

Jambo la tatu la kufahamu ni tawi. Wakati kundi moja linajenga toleo lijalo, sharti wengine waendelee kulitunza toleo ambalo tayari liko mikononi mwa watu. Hivyo msimbo mmoja hugawanyika mithili ya mti wenye shina na matawi. Hitilafu inaweza kuwa katika shina na katika matawi mawili, ikarekebishwa katika shina peke yake. Hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa magumu.

Daftari la hitilafu

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Waundaji wa programu walilitambua hilo mapema wakajitungia madaftari ya kielektroniki.

Mradi wa Debian, unaotoa mfumo huria wa kuendeshea tarakilishi, ulianza kutumia mfumo wake wa kufuatilia hitilafu mnamo 1994. Mfumo huo uliandikwa na Ian Jackson, na hadi leo huendeshwa kwa baruapepe. Mwaka wa 1998 mradi wa Mozilla ulizindua Bugzilla, kazi ya Terry Weissman, ambayo baadaye ilichukuliwa na miradi na kampuni nyingi. Mnamo 2002, kampuni ya Atlassian ya Sydney, Australia, ilitoa Jira. Jina hilo ni kifupi cha Gojira, jina la Kijapani la dubwana wa filamu anayejulikana kwingineko kama Godzilla, na lilikuwa utani kwa Bugzilla.

Ingawa zana hizi hutofautiana kwa sura, zote zimejengwa juu ya wazo moja. Kila hitilafu hupewa rekodi yake yenye nambari isiyobadilika. Ndani ya rekodi huandikwa maelezo ya tatizo, hatua za kulirudia, uzito wake, anayelishughulikia na hali lililofikia. Fauka ya hayo kuna visanduku vya matoleo, na hivi ndivyo vinavyojazwa kwa haraka na kwa makosa mengi kuliko vingine.

Maswali matatu tofauti

Visanduku hivyo hujibu maswali matatu ambayo hayapaswi kuchanganywa.

Swali la kwanza ni: Hitilafu imo katika matoleo gani? Hili ni suala la ushahidi. Jibu lake hutokana na kujaribu programu, wala si kwa kukisia. Katika Jira kuna kisanduku cha toleo lililoathiriwa, na mtu anaweza kuandika matoleo kadhaa. Katika Bugzilla kisanduku cha toleo hupokea nambari moja tu.

Swali la pili ni: Tunakusudia kuirekebisha katika toleo gani? Hili ni suala la mpango, na kwa mtumiaji anayesoma rekodi, ni ahadi. Bugzilla ina kisanduku cha toleo lililolengwa kwa ajili hiyo.

Swali la tatu ni: Ilirekebishwa katika toleo gani? Hili nalo ni ushahidi, lakini ni ushahidi wa jambo lililokwisha kutendeka.

Mkanganyiko mwingi hutokana na kuyachukua maswali mawili kuwa moja. Katika Jira, mathalani, kisanduku cha toleo la marekebisho hutumika kwa kazi mbili. Rekodi ikiwa bado wazi, nambari iliyomo humaanisha kusudio. Rekodi ikishafungwa, nambari ile ile humaanisha kuwa jambo limetimia. Msomaji asiyetazama hali ya rekodi anaweza kuona 3.4 akadhani dawa ipo, kumbe ni nia tu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Programu ya kutoa stakabadhi dukani inakosea kukadiria senti za kodi. Malalamiko yanatoka kwa mtumiaji wa toleo la 3.2. Fundi mvivu huandika 3.2 na kuacha hapo. Fundi makini hufungua matoleo mengine yaliyo mikononi mwa wateja, akagundua kuwa 3.0 halina kasoro, ilhali 3.1, 3.2 na 3.3 yanayo. Marekebisho yanawekwa katika shina litakalozaa 3.4, kisha yanapelekwa katika matawi na kutolewa kama 3.3.1 na 3.2.5. Toleo la 3.1 halitunzwi tena, kwa hiyo halirekebishwi.

Rekodi ikiandikwa hivyo, wenye maduka manne watapata majibu manne. Wa 3.0 hana sababu ya kuhangaika. Wa 3.1 ni lazima ahame. Wa 3.2 na 3.3 wana viraka vidogo visivyowalazimu kubadilisha mfumo mzima. Rekodi ikisema tu kuwa hitilafu ya 3.2 imerekebishwa, wote wanne wamebaki gizani, na mmojawao anaendelea kuwatoza wateja senti zisizo halali.

Nambari inapopotosha

Debian ni mfano mzuri wa mradi uliojifunza somo hili. Wakati wowote mradi huo huwa na toleo imara linalotumiwa na watu wengi, na toleo la kujengwa ambalo hubadilika kila siku. Kwa miaka mingi hitilafu ilihesabiwa kuwa ama imefunguliwa au imefungwa. Mtunzaji wa kifurushi alipoleta marekebisho katika toleo la kujengwa, rekodi ilifungwa, hali mtumiaji wa toleo imara bado alikuwa na tatizo lile lile kwenye tarakilishi yake.

Mnamo 2005 mfumo huo ulibadilishwa ili utambue matoleo. Tangu hapo, kila hitilafu inaweza kuandikiwa mahali ilipoonekana na mahali iliporekebishwa, na mfumo hufuata nasaba ya matoleo, yaani lipi lilizaliwa na lipi, ili kuamua ni wapi kasoro ingalipo. Hitilafu moja huweza kuwa imekwisha kwa mtu wa toleo moja na kuwa hai kwa mtu wa toleo jingine. Swali si tena kama imefungwa, bali imefungwa kwa nani.

Heartbleed ilidhihirisha faida ya mtindo huo. Debian 7 ilikuwa na OpenSSL 1.0.1e, mojawapo ya matoleo yaliyoathiriwa. Wasimamizi wa usalama wa Debian hawakuhamia 1.0.1g, kwa kuwa sera ya toleo imara ni kutobadilisha mambo bila sharti. Walichukua kiraka peke yake, wakakitia katika 1.0.1e na kuita matokeo 1.0.1e-2+deb7u5. Aliyetazama mwanzo wa nambari aliona 1.0.1e akadhani yu hatarini. Aliyesoma nambari nzima na kuilinganisha na rekodi alijua kuwa amekingwa.

Kutokana na kisa hiki tunapata kanuni: nambari ya toleo peke yake haisemi kitu mpaka ijulikane ni nani aliyeitoa na katika tawi gani. Rekodi ya hitilafu ndiyo inayoipa maana.

Ahadi ni deni

Kazi ngumu zaidi ni ya kuamua hitilafu ipi iingie katika toleo lijalo na ipi ingoje. Muda na watu havitoshi kurekebisha kila kitu. Kwa hiyo miradi huwa na kikao cha kuchambua hitilafu, ambamo kila rekodi mpya husomwa, hupimwa uzito na kupangiwa toleo, au huachwa bila toleo.

Ni muhimu kutenganisha uzito na kipaumbele. Uzito hueleza madhara: je, data inapotea, usalama unavunjwa, au ni maandishi tu yaliyokaa vibaya? Kipaumbele hueleza zamu. Kosa la tahajia lina uzito mdogo, lakini likiwa katika jina la bidhaa kwenye ukurasa wa kwanza huenda likawa la kwanza kurekebishwa.

Debian ina madaraja saba ya uzito. Matatu ya juu huitwa hitilafu za kuzuia toleo: zikiwepo, toleo imara halipaswi kutolewa. Mradi huo haujifungi kwa siku maalumu ya kutoa toleo. Hutoa wakati kazi iko tayari, na hesabu ya hitilafu za madaraja hayo ni kipimo kimojawapo cha utayari huo.

Hata hivyo, waundaji wanajua kuwa hakuna toleo litakalokuwa safi kabisa. Ndiyo maana wasimamizi wa matoleo wa Debian wanaweza kuibandika hitilafu nzito alama maalumu yenye jina la toleo, kuonyesha kuwa hitilafu hiyo haitalizuia toleo hilo. Alama hiyo haifungi rekodi wala haishushi uzito. Inasema waziwazi kuwa tatizo lipo, linajulikana, na wenye mamlaka wameamua kusafiri nalo.

Uungwana wa utaratibu huo ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Njia rahisi ingekuwa kushusha uzito wa hitilafu kimyakimya ili hesabu ipungue. Miradi mingi huangukia kishawishi hicho siku chache kabla ya toleo. Matokeo yake ni orodha inayopendeza machoni na programu isiyoaminika mikononi.

Mfano wa garimoshi

Mozilla ilikutana na tatizo hili kwa namna nyingine. Firefox 4 ilitolewa Machi 2011. Baada ya hapo mradi uliacha kungoja hadi mambo yote yakamilike, ukaanza kutoa toleo jipya takriban kila wiki sita, kuanzia Firefox 5 mnamo Juni 2011. Tangu 2020 kipindi hicho kimekuwa takriban wiki nne.

Mpango huo hufananishwa na garimoshi. Garimoshi huondoka kwa saa yake, na abiria aliyechelewa hungoja linalofuata. Hakuna anayelizuia kwa sababu ya mzigo wa mtu mmoja, isipokuwa pakiwa na hatari kubwa.

Katika mfumo kama huo kisanduku kimoja cha toleo lililolengwa hakitoshi, kwa kuwa wakati wowote kuna toleo lililo kwa watumiaji, lililo katika majaribio ya mwisho na linalojengwa. Isitoshe, tangu Firefox 10 mwaka wa 2012, kuna toleo la muda mrefu kwa ajili ya ofisi, shule na mashirika yasiyoweza kubadilisha programu kila mara. Mozilla iliongeza katika Bugzilla yake alama ya hali kwa kila toleo. Hitilafu moja huweza kuandikwa kuwa toleo hili limeathiriwa, lile halijaathiriwa, jingine limerekebishwa, na jingine halitarekebishwa. Kuna pia alama ya kuthibitisha kuwa mkaguzi amejaribu marekebisho akaona yanafanya kazi.

Alama ya kutorekebishwa inastahili kutiliwa maanani. Haisemi kuwa hitilafu haitatibiwa kamwe. Inasema kuwa haitatibiwa katika toleo hilo, labda kwa sababu dawa ni hatari kuliko ugonjwa, au kwa sababu toleo lijalo li karibu. Mtumiaji anayesoma hivyo anajua asingoje pale pasipo na kitu.

Siku ya kutoa toleo

Siku ya kulifunga toleo ndiyo siku ya kukagua daftari. Hitilafu zote zilizopangiwa toleo hilo hupitiwa. Zilizofungwa huingia katika maelezo ya toleo, ile orodha ambayo mtumiaji husoma kujua kilichobadilika. Na zilizobaki wazi?

Jira, msimamizi anapotangaza kuwa toleo limetolewa, humtahadharisha kuwa kuna rekodi ambazo hazijakamilika na humpa nafasi ya kuzihamishia toleo jingine. Kwa kubofya mara moja, hitilafu 40 huhama kutoka 3.4 hadi 3.5. Baada ya miezi mitatu huhama tena kutoka 3.5 hadi 3.6.

Hapa ahadi hugeuka mazoea. Mtumiaji aliyeripoti hitilafu hupata baruapepe ya kumwarifu kuwa toleo lililolengwa limebadilika, kisha nyingine, kisha nyingine. Mwishowe haamini nambari yoyote inayoandikwa katika kisanduku hicho, hata ile ya kweli. Waundaji nao huacha kuiamini, na mpango wa toleo hubaki pambo.

Tiba yake si ngumu, ingawa inahitaji ujasiri. Rekodi iliyohamishwa mara mbili isihamishwe mara ya tatu bila kujadiliwa. Ama ipewe mtu na siku, au iondolewe toleo na kuandikwa kuwa haina mpango kwa sasa. Kisanduku kitupu ni jibu la haki zaidi kuliko nambari isiyo na nia nyuma yake.

Hali ya hapa nyumbani

Huenda msomaji akauliza mambo haya yanamhusu vipi mtu asiyeandika programu. Jibu moja liko Eldoret.

OpenMRS ni programu huria ya kuweka rekodi za wagonjwa, iliyobuniwa mwaka wa 2004 na Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani, pamoja na shirika la Partners In Health. Mahali pa kwanza ilipoanza kutumika ni Eldoret, katika mpango wa AMPATH, mnamo Februari 2006. Agosti mwaka huo ilianza kutumika Rwinkwavu nchini Rwanda. Mfumo wa KenyaEMR unaotumika katika vituo vya afya humu nchini umejengwa juu yake. Waundaji wake wametawanyika katika nchi nyingi, na hitilafu zao huandikwa katika Jira, ambamo yeyote anaweza kuzisoma.

Kituo cha afya hakibadilishi toleo kama kijana anavyobadilisha programu ya simu. Pengine mtandao ni hafifu, fundi ni mmoja kwa wilaya nzima, na data ya wagonjwa ni lazima ihifadhiwe nakala kabla ya jambo lolote. Kwa hiyo vituo viwili vyenye programu moja vinaweza kuwa na matoleo yaliyopishana kwa miaka.

Katika mazingira hayo, neno imerekebishwa halitoshi. Tuseme kuna hitilafu inayoonyesha tarehe isiyo sahihi ya mgonjwa kurudi kliniki. Fundi wa kituo anahitaji kujua kama toleo lake limeathiriwa, kama kuna kiraka cha tawi lake, na kama ni lazima asafiri kwenda kuhamisha mfumo mzima. Majibu yakiwa katika rekodi, kazi huchukua dakika chache. Yasipokuwepo, gharama humwangukia mgonjwa atakayefika siku isiyo yake.

Mambo ya kuzingatia

Kwa kampuni au taasisi inayotaka kuanza utaratibu huu, kuna hatua chache zinazotosha.

Kwanza, matoleo yaorodheshwe kabla ya hitilafu. Kila toleo liandikwe tarehe lilipotolewa na siku ambayo litaacha kutunzwa. Mtu asiruhusiwe kujiandikia nambari apendavyo. Achague katika orodha.

Pili, anayeripoti ajaze toleo alilolitumia tu. Asitakiwe kubashiri mengine. Kupanua orodha ya yaliyoathiriwa ni kazi ya mkaguzi, baada ya kujaribu.

Tatu, anayeripoti asijaze toleo lililolengwa. Kisanduku hicho ni cha wanaobeba mzigo wa kutimiza. Kikijazwa na kila mtu, kila hitilafu itakuwa ya toleo lijalo.

Nne, fundi anapofunga rekodi aandike toleo ambalo kwa hakika lina marekebisho. Ikiwa kiraka kimekwenda katika matawi matatu, matawi yote matatu yatajwe.

Tano, rekodi rudufu ziunganishwe kabla ya kufungwa, na nambari za matoleo zilizomo zihamishiwe katika rekodi inayobaki. Mara nyingi ripoti iliyofutwa kama rudufu ndiyo pekee iliyotaja toleo la kale.

Sita, hitilafu iliyorejea baada ya kurekebishwa ifunguliwe rekodi mpya iliyounganishwa na ile ya zamani, iwapo toleo lenye marekebisho lilikwisha kutolewa. Kuifungua upya ile ya kwanza hufuta historia: haitajulikana tena ni toleo gani lililokuwa zima katikati.

Mipaka ya utaratibu

Si kila programu inahitaji haya yote. Tovuti inayobadilishwa mara kadhaa kwa siku, na ambayo watumiaji wote huiona katika hali moja, haina matoleo kwa maana ya kawaida. Kwao tarehe na alama ya badiliko la msimbo hutosha. Kundi la watu watatu lenye mteja mmoja pia halina haja ya visanduku vinane.

Wapo wanaolalamika kuwa kujaza rekodi hula muda ambao ungetumika kurekebisha hitilafu zenyewe. Malalamiko hayo yana ukweli pale ambapo visanduku vimeongezwa ili kumfurahisha mkubwa anayependa michoro. Lakini toleo lililoathiriwa na toleo lenye marekebisho si vya mkubwa. Ni vya mtu aliye mbali, asiyeijua timu, anayeshika programu iliyofungwa zamani na anayetaka kujua kama yu salama.

Mtumiaji naye ana wajibu wake. Anapopiga simu au kuandika kulalamika, maneno kuwa programu haifanyi kazi hayamsaidii fundi. Katika programu nyingi nambari ya toleo hupatikana katika menyu ya msaada, na katika simu za mkononi huwa ndani ya mipangilio, kwenye sehemu ya habari kuhusu programu. Aiandike yote, pamoja na herufi na alama za mwisho. Kama ilivyokuwa kwa 1.0.1e na 1.0.1g, huenda jibu zima likategemea herufi moja.